Mbuzi, bukari na divai nyekundu ya Abruzzo: Yaya anajibu

Mwezi huu barua zenu za hapa Lubumbashi zimefuatana kama mlipanga, karibu zote ni za divai nyekundu ya Italia, sijui ni juu ya harusi za mwezi wa nane ao ni ndugu wanaotoka Ulaya na shupa zimefungwa ndani ya suruali kwenye valizi. Nimechagua zile zenye zitasaidia watu wengi, zilizokuwa ndefu nimezikata, na ile ya papa wa Katuba nimetoa matusi nikaacha swali. Twende.

*

Yaya, jambo sana. Mukwe wangu, bwana ya mtoto wangu wa pili, alituletea karto ya divai, shupa sita, Montepulciano d'Abruzzo, anasema ni ya Italia ya nguvu. Siku ya Mungu nikapika mbuzi ya sos, bukari, sombe, na tomson ya kukaanga juu kuko mashemeki wengine hawakulaka mbuzi. Mbele ya chakula tukafungua shupa mbili tupokelee nazo watu. Kuonja tu, wote sura inakunjana, eti inakausha kinywa, eti ni kali, mwisho wakaomba Coca wachanganye ndani na mukwe wangu yuko pale anaangalia. Nilisikia haya mpaka bukari ikanishinda. Divai ile iko mubaya ao chakula yangu njo haipatane nayo? Shupa ine zimebakia.
— Mama wa Bel-Air

Mama, hizo shupa nne usimpe mtu hata moja. Divai haina kosa na mbuzi yako haina kosa, kilichoharibu siku ni kule kufungua mapema, watu wana tumbo tupu na bukari bado iko kwenye moto. Hiyo si bia ya kupokelea wageni. Ni divai ya mezani, inangojaka nyama, na bila nyama inakuwa na hasira.

Ule ukavu kwenye kinywa unaletwa na tanini, yenye inatoka kwenye ganda na mbegu za zabibu, na ndani ya chai ya rangi iliyochemka sana iko vilevile, unaijua. Tanini inapenda kushikana na protini. Ikikuta kinywa kitupu inashika protini za mate, zile zenye zinafanya ulimi uteleze, mate yanapoteza utelezi na njo mashemeki wanakunja sura. Lakini mtu akiwa ametafuna kipande cha mbuzi chenye mafuta, tanini inapata kazi ingine, inashikana na ile nyama, mafuta yanapaka ulimi, chumvi nayo inapunguza uchungu, na divai ileile iliyokuwa inakwaruza inakuwa laini, unaanza kusikia matunda ndani yake, cheri nyeusi, plamu, mara ingine harufu kama ya tumbako. Usiniamini hivihivi, fanya mwenyewe jioni moja: vere moja, onja kidogo bila kitu, kisha tafuna nyama yenye chumvi, kisha onja tena. Halafu uwaite mashemeki.

Na mukwe wako hakuokota shupa tu kwenye rafu, ao kama aliokota basi aliokota vizuri. Abruzzo ni mkoa wa katikati ya Italia, mashariki ya Roma, upande mmoja bahari ya Adriatiki, upande mwingine milima, ule mkubwa zaidi, Corno Grande wa Gran Sasso, unafika mita 2912. Ni nchi ya wachungaji. Kwa miaka mamia walikuwa wanashusha makondoo kutoka milimani mpaka mabonde ya Puglia kwenye baridi, wakati wa joto wanayapandisha tena, kwa hiyo divai yao imekomaa kando ya nyama ya kondoo na mbuzi tangu zamani. Chakula chao cha sifa kinaitwa arrosticini: nyama ya kondoo inakatwa vipande vidogo sana, karibu sentimita moja kila upande, nyama na mafuta vinapishana kwenye kijiti, vinapangwa juu ya mbabula ndefu nyembamba kama mfereji ili moto uguse nyama na ncha ya kijiti ibaki nje, makala ya kutosha, chumvi, basi. Hakuna sos. Mtu anavuta nyama kwa meno, anarudisha kijiti kwenye sahani, anachukua kingine, anakunywa. Kama hiyo si kamundele uniambie ni nini.

Iko na zaidi. Kwenye mji mdogo wa Nereto, jimbo la Teramo kulekule Abruzzo, wanapikaka mbuzi, ndiyo, mbuzi, kwa nyanya na puavro nyekundu zile zisizowasha, na sahani hiyo wanaijua kwa jina la mji. Wakati wa baridi wanasonga unga wa mahindi, wanaumwaga juu ya ubao mkubwa katikati ya meza, wanaweka sos ya nyama juu yake na kila mtu anaanza kula kwa upande wake kuelekea katikati. Wao wanaiita polenta, inakuwa laini kuliko bukari yetu, lakini mama, wewe ulipika mbuzi ya sos na bukari na ukafungua Montepulciano d'Abruzzo, pale Teramo wangekuona uko mtu wa kwao. Ndiyo maana nakasirikaka nikisikia watu wa mjini hapa wanasema divai ya Italia ni ya pitsa na spageti, yetu ibaki bia. Nani alisema?

Sasa kwa siku ya Mungu ingine. Wageni wa kupokea wape bia ao jus, divai iingie na nyama, usiitangulize. Mbuzi ya sos ni sawa, nyanya isiwe nyingi mno. Lakini kama uko na mtu wa kuchoma, fanya michopo, mbavu na mguu vyenye mafuta yake, juu ya makala mpaka pembeni kuungue kidogo, kata juu ya ubao, chumvi na kitunguu kibichi, na pili-pili uiweke kwenye kisahani chake mwenyewe mbali. Hapo kwenye pili-pili nakuomba unisikie: alkoli inaongeza ule moto, na moto unaongeza ukali wa tanini, vyote viwili vinapandana mpaka mtu hasikii tena nyama wala divai, anasikia masikio yake. Anayetaka pili-pili achovye kidogo, ao anywe bia yake kwa amani. Sombe yenye mawese na karanga haigombani na divai, ila inaifunika, basi isiwe katikati ya sahani. Lenga-lenga ni afadhali. Tomson itoke kabisa kwenye ile meza, utaona chini sababu gani.

Na Coca? Hispania, upande wa Wabaski, kuna kinywaji kizima cha divai nyekundu na kola, wanakiita kalimotxo, vijana wanakipenda, hakuna aliyekufa. Lakini wanatumiaka divai ya bei ya chini kabisa. Shupa ya mukwe, hapana, na hasa yeye akiwa ameketi pale.

*

Yaya, mi munganga alinikataza nyama, nakulaka paka samaki. Nilinunua nyekundu ya Italia nikakunywa na tomson, pili-pili ya kutosha. Nyuma ya kumeza, kinywa kinanuka sawa chuma na samaki mbichi. Jirani anasema ni divai ya uongo, walitia dawa. Ni kweli?
— Papa wa Kamalondo

Jirani wako anapenda maneno. Hakuna dawa, papa, ni chuma, kweli ulisikia vizuri. Divai nyekundu inakuwaka na madini ya chuma kidogo, na watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki kinaleta ile harufu ya samaki kwenye ulimi, na kadiri divai ina chuma kingi harufu inazidi. Tomson ni samaki wa mafuta mengi, hapo njo mbaya zaidi. Ukaongeza na pili-pili, basi ulijipangia vita mwenyewe.

Kama unataka kubaki Abruzzo, tafuta Cerasuolo d'Abruzzo: zabibu ni ileile Montepulciano, lakini juisi haikai muda mrefu na maganda, kwa hiyo rangi inakuwa ya cheri na tanini ni kidogo sana. Unaiweka kwenye frigo, unakunywa baridi na tilapia ya kuchoma, hata na samaki ya nyanya. Ao nyeupe yao ya Trebbiano. Na mara ingine ukienda kwa huyo munganga aliyekukataza nyama, mtajie na divai pia, nina wasiwasi hukumwambia.

*

Yaya mi ni mwanafunzi wa Kasapa. Kwenye alimantasio moja mjini niliona shupa mbili, moja imeandikwa Montepulciano d'Abruzzo, ingine Vino Nobile di Montepulciano, hii ya pili bei karibu mara mbili. Nikauliza muuzaji, akasema ni kitu kimoja, moja ni ya patro ingine ya mfanyakazi. Nataka kupelekea baba ya mpenzi wangu, ni mara ya kwanza ananipokea, nichukue gani?
— M., Kasapa

Muuzaji alikuchekesha tu, ni divai mbili tofauti kabisa. Kwenye shupa ya Abruzzo, Montepulciano ni zabibu: ganda nene, rangi nyeusi karibu na wino, inachelewa kuiva mpaka mara nyingi wanavuna mwezi wa kumi, na sheria ya divai hiyo, yenye iko tangu 1968, inataka zabibu hiyo isipungue asilimia 85. Kwenye shupa ya pili Montepulciano ni mji, uko Toscana, jimbo la Siena, na zabibu ya kule ni Sangiovese, asilimia 70 ao zaidi. Sangiovese inakuwa nyepesi ya rangi, na uchachu wake unaonekana, inapatana sana na vitu vya nyanya. Bei haisemi moja ni nzuri kuliko ingine, inasema moja inatoka sehemu ndogo yenye jina la zamani na inalazimika kukaa miaka miwili kabla ya kuuzwa, na ingine inatoka mkoa mzima wenye mashamba mengi.

Muulize mpenzi wako mama yake atapika nini, halafu uchague. Mbuzi ao ng'ombe ya kuchoma, chukua Abruzzo na franga zenye zimebaki ununue zawadi ya mama. Kuku ya nyanya, ile ya Toscana. Ukiona Abruzzo yenye imeandikwa Colline Teramane usiiache, hiyo ni ya vilima vya Teramo tu, ilipewa DOCG, daraja la juu la divai za Italia, mwaka 2003, na zabibu ya Montepulciano ndani yake ni asilimia 90 kwenda juu.

Halafu mdogo wangu, ukifika, mpe shupa kwa mikono miwili na ukae. Usianze kumfundisha baba maneno ya etikete ya shupa. Akikuuliza, mjibu kwa kifupi. Asipokuuliza, kula.

*

(Matusi) Nilipewa shupa ya nyekundu ya Italia mwezi wa sita, nikaiweka juu ya frigo sebuleni vizuri watu waione. Juzi nafungua, na hili joto, inanuka spiriti na zabibu zilizopikwa, na bushoni ilikuwa imepanda juu peke yake. Italia wanatuuzia takataka sisi Waafrika. (Matusi)
— Papa wa Katuba

Papa, pole na shupa, lakini Italia haikuingia sebuleni kwako. Juu ya frigo ni mahali pa joto sana nyumbani, mashine inatoa joto pale kila siku, tena inatetemeka. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi ni baridi, tuko karibu mita 1200, divai ilikuwa salama. Mwezi wa tisa ukaingia, wa kumi ukafuata, na hii jua unaijua mwenyewe. Divai ikipata moto inavimba ndani ya shupa, inasukuma bushoni, hewa inaingia, na kilichobaki ni ile harufu ya jamu iliyoungua yenye ulinisimulia. Bushoni iliyopanda juu, ao shingo yenye inanata, ni alama ya kutazama hata dukani, maana kuna shupa zenye ziliumia kabla hujazinunua, ndani ya kamiyo zilizosimama siku nyingi kwenye jua kule mpakani Kasumbalesa. Shika shupa, pitisha kidole juu ya bushoni, ukisikia imevimba rudisha kwenye rafu.

Nyumbani iweke chini, kwenye kona yenye giza, chini ya kitanda ni pazuri sana na hakuna atakayeiona isipokuwa wewe, ilale ubavu ili bushoni isikauke. Siku ya kunywa, usiamini wale wanaosema nyekundu inanyweka bila baridi yoyote. Huo ni usemi wa watu wenye nyumba zao zilikuwa na digri 17. Sebule yako mwezi wa kumi ina 28 ao 30, na kwa joto hilo alkoli inatangulia mbele ya kila kitu, yenye wewe umeiita spiriti. Tia shupa kwenye frigo nusu saa, umeme ukikosekana itie kwenye beseni ya maji ya kisima yenye kitambaa kibichi, toa, fungua, mimina kwenye jagi ya glasi ipumue kidogo. Digri 16 mpaka 18 njo unatafuta. Shavu linatosha kupima: shupa iwe baridi kidogo, isikuume.

*

Yaya mpenzi, kaka yangu anafanya kazi kule Verona, kwa siku kuu za mwaka amesema ataleta shupa moja ya Amarone na moja ya Barolo, eti ni wafalme. Sisi mwezi wa kumi na mbili mvua imeshika, kuko bowa, kuko vinkubala (viwavi) vya kukauka, na papa atanunua ng'ombe. Tupange namna gani tusiharibu? Na ni kweli zina nguvu kupita ile ya Abruzzo mnaongeaka?
— Mama F., Golf

Hii barua niliisoma nikiwa na njaa, sikufanya vizuri.

Anza na Barolo maana watu wanaidharau wakiimimina, rangi yake ni nyepesi karibu na tofali, wanadhani imechujuka, halafu inawapiga. Zabibu yake ni Nebbiolo, inatoka vilima vya Langhe, Piemonte, kaskazini-magharibi, na kwa sheria inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 ndani ya mbao. Tanini yake ni ngumu kushinda Montepulciano, uchachu nao upo, lakini harufu ni ya udongo, waridi lililokauka, majani ya porini. Watu wa kule wanaikunywa na trufu nyeupe ya Alba na uyoga wa msituni, na hapo, mama, bowa zetu zinaingia bila kubisha hodi. Chukua zile za nyama nene, tente kwa mfano, ya sokoni kwa mwanamke mwenye unamjua na mwenye anazijua, usinunue bowa kwa mtu unayemwona mara ya kwanza. Osha mchanga, usiloweke. Kitunguu kwenye mafuta mpaka kiwe dhahabu, bowa ndani, chumvi, acha zitoe maji yote na maji yakauke tena, mwisho siagi ya kweli, kijiko kizuri. Nyanya usiweke. Karanga pia, siku hiyo, hapana, najua bibi yako alikuwa anaweka karanga. Pembeni vipande vya ng'ombe vyenye mafuta, vya kuchoma, na Barolo iwe imefunguliwa saa mbili mbele. Mi sijui chakula kingine cha Katanga chenye kinaifaa divai ile zaidi.

Amarone ni habari ingine. Inatoka Valpolicella, palepale Verona kwa kaka yako, zabibu ni Corvina, Corvinone na Rondinella, na kazi yote iko nyuma ya kuvuna: zabibu zinalazwa juu ya vitanda vya mianzi ao ndani ya makasha, kwenye dari zenye hewa, miezi mitatu, minne, zinakauka mpaka zinapoteza kama theluthi ya uzito, maji yanatoka sukari inabaki, halafu njo zinakamuliwa. Sukari karibu yote inageuka alkoli, kwa hiyo etikete itasema 15, 16. Montepulciano nyingi ziko 13 mpaka 14 na kidogo. Basi ndiyo, Amarone ina nguvu kupita, lakini nguvu yake ni ya unene na ya utamu wa zabibu kavu, haikwaruzi. Hiyo usiipe bowa, itazimeza. Ipe ile ng'ombe ya papa, shingo ao mkia, ipikwe taratibu masaa manne ndani ya sos nzito yenye kitunguu kingi, mpaka nyama inaachana na mfupa. Wao kule wanapika hata nyama ya farasi hivyo. Mwishoni, watu wakishashiba, kata fromazi. Ile ya Goma, ya vilima vya Masisi, ukipata bonge lililokaa likakauka likaanza kuuma ulimi, tia mezani na vere ndogo za Amarone, ndogo nasema, wamalize maneno yao taratibu. Ile fromazi laini ya siku chache haitoshi, ni tamu kwa mkate wa asubuhi.

Vinkubala, nitakuwa mkweli na ladha yangu: vikavu, vilivyokaangwa na chumvi mpaka vilie kwenye meno, ni vitamu na Montepulciano ya kawaida, changa, baridi kidogo. Kwa wafalme wa kaka yako usivitoe. Chumvi ile na ule moshi wake vinataka divai yenye haijifikirii sana. Kwa hiyo mwambie kaka aongeze shupa ya tatu, ya bei ndogo, haitamuumiza.

*

Yaya, niko na mimba ya miezi mitano, damu yangu ni kidogo, walipima. Mama-mkwe ananiletea divai nyekundu kila jioni, vere moja, anasema inaongezaka damu, eti ya Italia njo nzuri zaidi juu ni nzito. Nikikataa anasikia vibaya.
— Mke wa Ruashi

Usinywe. Hata hiyo vere moja. Pombe inapita mpaka kwa mtoto, na hakuna kipimo chenye kimehakikishwa kuwa salama kwa mimba, iwe ya Italia, iwe ya Afrika Kusini, iwe munkoyo ya kulala siku nyingi. Na damu haiongezi, ni rangi tu inadanganya watu. Tena ile tanini niliyoieleza juu inazuia mwili kuchukua chuma cha maharagwe na majani, kwa hiyo mama-mkwe kwa mapenzi yake yote anakurudisha nyuma. Kama kliniki walikupa vidonge vya chuma vinywe kama walivyosema, kula maharagwe, nyama ukipata, majani na limau kidogo juu yake, na chai usinywe palepale na chakula. Kwa mama-mkwe usibishane. Mwambie mkunga alikataa, umwombe akusindikize siku ya kupima, na mkunga amwambie mwenyewe. Shupa aifungie mpaka siku ya kumtoa mtoto nje, baba atainywa.

*

Yaya, swali fupi. Sisi ni wawili tu nyumbani, shupa haiishi. Inakaa siku ngapi?
— L., Kampemba

Rudisha bushoni, tia frigo, hata nyekundu, siku tatu kwa Montepulciano, nne ukiwa na bahati. Kabla ya kunywa itoe ipate joto kidogo. Ikishaanza kunuka siki, tia vikombe viwili kwenye sufuria ya mbuzi saa nyama imekaangwa na kitunguu, mbele ya nyanya, acha ichemke bila kifuniko mpaka ile harufu ya pombe itoke, halafu endelea na sos yako kama kawaida. Ikiwa imegeuka siki kabisa, hapana, mwaga.